Mchoro mmoja, nakala 17

Nilipopewa kazi ya kupanga upya utaratibu wa kuwalipa wazabuni, nilikuta folda yenye michoro 17 ya kazi ile ile: kupokea ankara, kuilinganisha na oda na hati ya kupokelea mzigo, kuomba idhini, kulipa. Kila tawi na wa kwake. Nikaichapa yote nikaibandika ukutani. Tisa ilitofautiana kwa majina tu, huku "mhakiki", kule "mkaguzi". Mmoja bado ulitaka nakala itumwe kwa faksi.

Wakubwa wakiona ukuta kama huo husema: futeni, ubaki mmoja. Hapo mimi nabisha. Minne ilikuwa na sababu zake. Ankara ya ushauri wa kisheria, kwa mfano, haina mzigo wa kupokelewa ghalani. Ukimlazimisha mhasibu aambatishe hati ya mzigo, atabuni karatasi ili mfumo umruhusu apite. Tofauti ya kweli haifutiki, inajificha tu.

Ugonjwa wenyewe ni kunakili. Nakala ikishatoka haimjui tena mama yake. Kiwango cha idhini kikibadilika, unarekebisha mahali 17, na pa kumi na saba utapasahau.

Basi weka kila kitu kwenye mchoro mmoja? Nako kuna mtego. BPMN, lugha ya michoro ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011, haina alama yake ya kuonyesha tofauti za namna hii, hivyo watu huzibebesha almasi za maamuzi, yaani alama za umbo la almasi ambapo njia hugawanyika kulingana na jibu la swali. Lakini "je, kiasi kimezidi kiwango?" ni swali la kila ankara, ilhali "tuko tawi gani?" hujibiwa mara moja tu, siku ya kuweka mipangilio. Ukiyachanganya unapata mchoro wa mita tatu usiosomwa na mtu.

Mimi naweka mchoro mama, na pembeni yake orodha ya tofauti: nini kinaongezwa au kuondolewa, kwa sababu gani, nani anaitetea. Isiyo na mtetezi inatoka.

Tawi moja lilikuwa na sahihi ya ziada kabla ya malipo. Niliuliza wiki nzima ni ya nini, mpaka karani mmoja mkongwe akacheka: meneja wa zamani alipenda kuziona ankara kwanza. Alishastaafu. Nikaiondoa hatua ile, na hadi leo hakuna aliyeiulizia.