Mdogo Wangu Aliyelinda Nguo: Ulemavu na Michezo ya Shule, Tanga na Maryland

Mimi ni mzaliwa wa Makorora, Tanga, na kwa miaka 12 sasa naishi katika jimbo la Maryland, Marekani, ambako naendesha basi la shule. Basi langu lina lifti ya kupandishia viti mwendo, kwa hiyo kila msimu wa riadha, kati ya Machi na Mei, hupangiwa kazi ya jioni ya kuwapeleka wanafunzi wa sekondari mashindanoni, wenye ulemavu na wasio na ulemavu katika safari moja. Miongoni mwao yumo binti mmoja anayekimbia kwa kiti cha mbio, kile chenye magurudumu matatu, la mbele likiwa dogo na limetangulia mbali. Mimi hukifunga kiti chake cha kawaida sakafuni kwa mikanda minne, kile cha mbio kikalazwa nyuma ya basi pamoja na mikoba ya wenzake, kisha tunaondoka.

Jambo lililonishangaza katika msimu wangu wa kwanza lilikuwa ukali wa kocha wake. Binti yule alichelewa kuanza katika mbio za mita 400, na kocha akamkaripia mbele ya timu nzima kwa sauti ileile aliyoitumia dakika chache kabla kwa mvulana aliyeangusha kijiti. Mimi niliumia moyoni kwa niaba yake, kwa sababu nililelewa kuamini kwamba mtoto wa namna ile huzungumzwa naye kwa upole, tena kwa sauti ya chini. Yeye hakuumia. Alijibu kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa umeteleza kwenye ukingo wa gurudumu, akaambiwa abadilishe glavu, na mambo yakaishia hapo. Usiku ule, nikilirudisha basi kituoni, nilimkumbuka mdogo wangu.

Mdogo wangu aliugua polio kabla hajatimiza miaka 3, na mguu wake wa kulia ukabaki mwembamba usioweza kubeba uzito. Mtaani kwetu alikuwa golikipa. Katika chandimu ya Makorora hapakuwa na mtu mzima aliyewaamuru watoto wamchezeshe, wala hapakuwa na maandishi yoyote; wenzake waliona kwamba kwa mkongojo mmoja hawezi kufika pembe zote mbili, basi wakasogeza jiwe la goli lake hatua moja ndani, na goli la upande wa pili nalo wakalisogeza vivyo hivyo ili pasiwe na manung'uniko. Alifungwa, akatukanwa, akabebwa juu siku alizookoa. Watoto wa miaka 9 walikuwa wamebuni wenyewe, kwa jiwe moja, kile ambacho wataalamu huku wanakiita marekebisho ya haki.

Alipoingia kidato cha kwanza, mwalimu wa michezo alimtazama, akamwonea huruma, akamwambia: «Wewe mwanangu kaa hapa kivulini, utulindie nguo.» Alikaa chini ya mwarobaini ule kwa miaka minne. Naomba nieleweke kwamba mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Hakumdhihaki, hakumwita kwa jina la kilema chake, na siku za jua kali alihakikisha amepata maji. Mama yetu alimshukuru kila walipokutana sokoni. Sote nyumbani tuliona kwamba mtoto wetu amepata mlezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini golikipa wa Makorora amegeuka kuwa mlinzi wa nguo.

Waswahili tunasema kabla hujafa hujaumbika, na methali hiyo imetulea vizuri, kwa kuwa imetuzuia kumcheka aliyepatwa na jambo ambalo kesho linaweza kutupata sisi. Hata hivyo nimeanza kuona mpaka wake. Inatufundisha kumsikitikia mwenye ulemavu na kumwogopea Mungu, lakini haitwambii tumpe jezi. Huruma ilikuwa tele katika shule ile. Kilichokosekana ni kanuni ambayo ingemlazimu mwalimu mwema kufanya zaidi ya wema wake, na ambayo mzazi angeweza kuitaja bila kuonekana mkosefu wa shukrani.

Huku ugenini nako kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Marekani ilipitisha mwaka 1973 sheria iliyokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, na mwaka 1990 ikaongeza sheria nyingine pana zaidi. Pamoja na hayo, katika jimbo hilihili ninaloishi, Tatyana McFadden, aliyezaliwa Urusi akiwa na tatizo la uti wa mgongo na kulelewa katika kituo cha watoto bila kiti mwendo hadi alipopata wazazi Wamarekani, alirudi kutoka Paralimpiki ya Athens ya mwaka 2004 akiwa na medali ya fedha na ya shaba, kisha akaambiwa shuleni kwake kwamba hawezi kukimbia pamoja na wenzake. Aliruhusiwa kuzunguka uwanja peke yake, katika mbio zake mwenyewe. Hoja zilikuwa mbili, kwamba kiti chake kingewahatarisha wakimbiaji wengine na kwamba kingempa nafuu isiyo ya haki. Familia yake iliishtaki Kaunti ya Howard bila kudai fidia ya fedha, na mwaka 2006 mahakama ya shirikisho ikaamuru akimbie na timu yake. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, Maryland ikatunga sheria inayozitaka shule zote za umma zitoe nafasi za michezo kwa wanafunzi wenye ulemavu. Msichana yuleyule aliyeonekana hatari uwanjani alishinda mwaka 2013 mbio ndefu za Boston, London, Chicago na New York kwa viti mwendo, zote nne katika mwaka mmoja.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu Watanzania wengi ninaozungumza nao huku huamini kwamba Wazungu wana moyo tofauti na wetu. Hawana. Mwalimu wa Maryland wa mwaka 2005 na mwalimu wa Tanga wa enzi za mdogo wangu walifikiri namna moja. Tofauti ni kwamba mmoja wao alikutana na mzazi aliyekuwa na pa kwenda.

Januari 2013 Wizara ya Elimu ya Marekani iliziandikia shule barua ya ufafanuzi ambayo ningependa kila mwalimu wa michezo wa Tanga aisome, kwa jinsi ilivyo ya vitendo. Haikusema kwamba kila mtoto lazima aingie katika timu. Ilisema kwamba kila mtoto apewe nafasi ya kujaribiwa, asikataliwe kwa dhana juu ya ulemavu wake, na arekebishiwe kile kinachorekebishika bila kuuharibu mchezo wenyewe. Ilitoa mfano wa mkimbiaji asiyesikia mlio wa bastola ya kuanzisha mbio, kwamba iwashwe taa wakati uleule bastola inapolia. Na wa mwogeleaji aliyezaliwa na mkono mmoja, kwamba asitakiwe kugusa ukuta kwa mikono miwili. Ni jiwe la goli la Makorora, ila limewekewa mhuri.

Sitaki kusema kwamba huku kila kitu ni chema. Binti ninayembeba ana timu, kocha na basi, lakini Jumamosi hana wa kucheza naye, kwa kuwa mitaa ya huku haina watoto; mchezo hupangwa kwa tarehe, kwa ada na kwa fomu ya daktari iliyosainiwa na mzazi. Hakuna chandimu. Mama yake aliniambia kwamba binti hajawahi kualikwa kwenye mchezo ambao haukuandaliwa na mtu mzima. Kwetu mtaa ulimpokea mdogo wangu na geti la shule likamzuia, na huku geti limefunguliwa kwa amri ya mahakama wakati mtaa uko kimya. Kati ya mapungufu hayo mawili, naamini la kwetu ndilo jepesi kuondoa, maana kuandika kanuni ni kazi ndogo kuliko kuumba ujirani.

Tena kanuni zenyewe kwa sehemu kubwa tunazo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja waziwazi haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo kwa usawa na wenzao, ikiwemo michezo ya shuleni, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa shule za msingi, mashindano ya UMITASHUMTA yamewahi kuwa na michezo ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Kinachoniuma ni safari ya kutoka karatasini hadi uwanjani. Timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, huanza kuchujwa shuleni, ikapanda kata, wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Mtoto aliyekalishwa chini ya mwarobaini ameshachujwa kabla ya ngazi ya kwanza, na hakuna orodha inayoonyesha kwamba aliwahi kuwapo.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha. Ni kweli kiti cha mbio huuzwa kwa maelfu ya dola, na sitarajii shule ya kata ikinunue. Lakini riadha ya watu wenye ulemavu ni pana kuliko viti vya mbio. Mkimbiaji asiyeona anahitaji mwenzake wa kumwongoza na kipande kifupi cha kamba isiyovutika cha kuwaunganisha mikono, na Tanga ni mkoa uliolisha dunia mkonge. Irente, kule Lushoto, ipo shule ya wasioona ambayo kanisa la Kilutheri limeilea kwa miongo mingi, hivyo hakuna atakayesema kwamba watoto hao hatunao. Henry Wanyoike wa Kenya, asiyeona, alishinda mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, na mwishoni mwa mbio kiongozi wake ndiye aliyekuwa hoi kuliko yeye. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye mara nyingi uoni wake ni hafifu, anaweza kushindana katika kundi la wenye uoni hafifu iwapo tu mwalimu atakubali mbio zake ziwe saa moja asubuhi badala ya saa nane mchana, katika jua la Tanga. Kurusha tufe au kisahani ukiwa umekaa kunahitaji kiti cha chuma kisichoyumba, ambacho kwa kanuni za kimataifa kimo chake, pamoja na mto wa kukalia, hakizidi sentimita 75. Katika mji wa baiskeli kama wetu, wenye mafundi wa kuchomelea kila mtaa wa Ngamiani, sioni shule itakayosema imekosa fundi.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye usafiri na malazi, na hapa maneno mazuri hayatoshi. Nasema hivyo kama dereva. Timu zinaposafiri hupakiwa katika basi la kukodi lenye ngazi tatu mlangoni, na zikifika hulala madarasani na kutumia vyoo vya shule mwenyeji. Mtoto wa kiti mwendo atabebwa mgongoni kuingia basini na atajizuia kunywa maji siku nzima ili asiende chooni. Mwanariadha asiyekunywa maji hashindi. Kama halmashauri ingekuwa na fedha ya jambo moja tu, ningeomba ianze na choo kimoja kinachofikika katika kituo cha mashindano, kabla ya medali na kabla ya fulana za wageni rasmi.

Nina neno pia juu ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, ambapo watoto hukimbizwa kidogo mbele ya meza kuu, wakapigiwa makofi, kisha zikafuata hotuba. Siipingi siku hiyo. Nachopinga ni kuifanya ndiyo zamu yao ya mwaka. Mtoto anataka kukimbia siku ileile wenzake wanapokimbia, muda wake uandikwe na mwamuzi yuleyule, na pointi yake ihesabiwe katika jumla ya shule yake. Pointi ina nguvu kuliko hotuba, kwani mwalimu mkuu atakapogundua kwamba mrusha tufe aliyekaa kitini anaweza kuipandisha shule yake nafasi mbili wilayani, atamtafuta mwenyewe nyumba kwa nyumba.

Vipaji vipo. Timu yetu ya taifa ya soka la wachezaji waliopoteza kiungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Katika Paralimpiki, ambako tulianza kushiriki mwaka 1992, hatujawahi kupata medali hata moja, na siwezi kuitenganisha hali hiyo na kivuli cha mwarobaini nilichokieleza.

Mdogo wangu sasa ni fundi wa kuchomelea, Ngamiani. Mwaka jana nilimtumia kwa simu picha za kiti cha kurushia tufe nilizopiga uwanjani huku, pamoja na vipimo, naye akakitengeneza kwa mabomba ya chuma yaliyobaki kwenye kazi ya mageti. Alinipigia kuuliza mikanda ipite juu ya paja au chini ya goti, nikamwuliza kocha yule mkali, nikamrudishia jibu. Kiti kimekamilika na kimepakwa rangi ya bluu. Amekifunga kwa mnyororo barazani kwake, na ameandika barua mbili kwa shule za jirani kuwaomba wamtumie wanafunzi wowote wanaokaa pembeni wakati wa michezo, akiahidi kuwafundisha kurusha kila Jumatano saa kumi. Hadi juzi nilipozungumza naye, shule moja ilikuwa imejibu kwamba itamleta msichana mmoja wa kidato cha pili.