Ufukweni twendeni na mkaa, pilau ibaki nyumbani

Desemba ikishaingia, kundi la WhatsApp la ukoo linafufuka. Walioko Dar, Arusha na Mwanza wanatangaza tarehe za kushuka Tanga, anachaguliwa mweka hazina, na kabla mchango hata mmoja haujaingia mtu keshauliza: "Pilau nani anapika?" Kama pilau inahitajika au haihitajiki, hilo halijadiliwi. Mimi pilau naila, na sahani ya pili naomba. Lakini kwa ile siku ya kwenda kushinda ufukweni baada ya Krismasi, watu 40, watoto wakiwemo, naona pilau haina kazi.

Kwanza joto. Huu ni msimu wa kaskazi. Mchana Tanga inagonga nyuzi 31 au 32, na kwa unyevu wa bahari shati linagandana na mgongo. Pilau iliyopikwa alfajiri Makorora inajazwa kwenye hotpoti, inapakiwa garini, inafika ufukweni Mwambani saa 6, watu wanaingia majini kwanza, inakuja kuliwa saa 8 ikiwa vuguvugu. Wali vuguvugu ndio ninaouogopa. Kuna bakteria wa nafaka ambao mbegu zao hazifi hata wali ukichemka. Wali ukipoa polepole wanazaliana, na sumu wanayoiacha haiondoki kwa kupashwa moto. Hotpoti nzuri isiyofunguliwa inasaidia, sikatai. Nionyesheni basi hotpoti ya sikukuu ambayo hakuna shangazi aliyeifungua njiani "kuonja chumvi tu".

Pili, mashindano. Ukisema kila nyumba ije na chakula chake, jiandae kupokea pilau sita na bakuli moja la kachumbari. Kila mpishi anakaa anapiga jicho hotpoti ya nani haijaguswa, na bibi harusi mpya wa ukoo analazimika kula pilau za mawifi wote asije akanuniwa. Saa 9 watu wazima wote wamelala chini ya mivinje, watoto hawana wa kuwaangalia majini.

Kwa hiyo naomba mwaka huu tuanze na moto, orodha ya vyakula ifuate. Tuna majiko mangapi na nani anasimama pale? Ukishajua hilo, menyu inajipanga yenyewe. Kwa watu 40 nataka mapipa mawili yaliyopasuliwa katikati na kuwekewa wavu: moja la samaki, moja la nyama na mihogo. Sufuria iwe moja tu, ya tui. Chakula kitoke kwa zamu, cha moto, kiliwe kwa mkono mtu akiwa amesimama au amekaa kwenye mkeka, anakula kidogo, anarudi majini, anakuja tena.

Zamu ya kwanza ni mihogo. "Wifi, Krismasi yote hii wageni utawapa mihogo?" aliniuliza wifi yangu wa Dar, kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Nitawapa, wifi, na wewe utakuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mtu aliyetoka majini ana njaa ya sasa hivi, na nyama bado saa nzima. Kilo 15 zinatosha. Muuzaji aulizwe kabisa kama ni mihogo mitamu, kwa sababu ile michungu ina sayanidi na kuichoma tu hakuiondoi yote. Ichemshwe nyumbani iive nusu na chumvi yake, ufukweni imaliziwe kwenye mkaa mpaka ipate ganda la kahawia, kisha ipasuliwe, ipakwe ndimu, chumvi na pilipili ya unga.

Mishikaki haina maneno mengi. Nyama ya ng'ombe kilo 10, na inunuliwe kwenye bucha ambalo ng'ombe wake kachinjwa na Mwislamu, maana ukoo wetu una wa kanisani na wa msikitini na wote wanakula pipa moja. Anayetaka kitimoto anajua pa kwenda. Papai bichi la kulainishia lisikae kwenye nyama zaidi ya muda wa saa mbili. Wanaolipaka usiku kucha asubuhi wanakuta nyama imekuwa rojorojo, inadondoka kwenye vijiti. Vijiti vya mbao viloweshwe, au tutafute vya chuma.

Sasa samaki, ambaye kwangu ndiye sikukuu yenyewe. Mtu aende soko la samaki la Deep Sea asubuhi na mapema na ndoo yenye barafu. Ndoo bila barafu hapana, hata kama nyumbani ni karibu. Kwa kuchoma achukue changu, tasi au kolekole, wa saizi ya kushika kwa mikono miwili, macho maangavu, matamvua mekundu. Jodari na vibua ni watamu, ila wakikaa juani nyama yao inatengeneza sumu ambayo haibadilishi harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unamwiva, kichwa kinamgonga, mwili unawasha, na watu wanasema kapigwa jicho. Kama hatuna uhakika na barafu yetu, jodari tumwache kwa siku nyingine.

Kilo 12 zinatosha kwa kuwa nyama ipo. Samaki wapasuliwe mbavuni, wapakwe ndimu, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, wachomwe wakavu kwanza pande zote mbili. Hapa ndipo vijana wanapoharibu, wanapaka tui samaki angali mbichi, tui linaungua nje na ndani bado kuna damu. Tui linakuja mwishoni. Na tui lisitengenezwe nyumbani, maana kwa joto hili likifika limechacha. Nazi sita tubebe nzima pamoja na mbuzi, tukunie palepale. Tui zito libandikwe na bizari ya manjano, pilipili na maji ya ukwaju, likorogwe bila kuacha mpaka linate kwenye mwiko. Ukilitegea mgongo likachemka peke yake linakatika, mafuta huku, maji kule. Samaki akiwa ameshaiva ndipo anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, na tone likidondoka kwenye mkaa moshi wake unaita hata wa mikeka ya jirani.

Vifuu vya zile nazi visitupwe. Vitieni kwenye pipa mkaa ukianza kuchoka. Vinawaka kwa ukali, lakini mara moja tu, basi viwekwe wakati samaki hayuko juu ya wavu. Makumbi yake yanafaa kuwashia, kuliko yale mafuta ya taa ambayo mishikaki yote inakuja kunuka.

Jambo jingine ambalo walioko bara hawalifikirii ni maji. Tarehe isipangwe kwa likizo ya mtu bila kuangalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari yetu inakupwa asubuhi kwenye saa 4 na kujaa alasiri kwenye saa 10. Ukifika asubuhi unaona uwanja mpana wa mchanga, unapanga mapipa chini kabisa, na samaki ndiyo kwanza anageuzwa maji yako miguuni. Mapipa yakae juu, kwenye mstari wa mivinje lakini si chini ya matawi, upande ambao upepo haupeleki cheche kwenye mikeka ya wazee. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, wasiwasi huo unapungua.

Kachumbari ikatwe palepale, nyanya na kabichi za Lushoto zipo sokoni Ngamiani muda wote. Vinywaji: maji ya kunywa lita mbili kwa kila kichwa, ukwaju kwenye ndoo, madafu kwa wazee. Soda sizikatazi, ila zikija nyingi watoto hawagusi maji kabisa, na jua hilo halina mchezo. Matunda ni maembe, ndio wakati wake. Yaoshwe nyumbani, yasikatwe mapema.

Yapo maombi ya keki, ya biriani, ya kuku wa kuchoma. Keki sawa, ila isiwe ya krimu. Kuku namkataa, kwa sababu kuiva mpaka ndani kunamchukua muda mrefu na watu watamtoa akiwa na damu mifupani. Labda awe ameshachemshwa. Biriani ni pilau iliyovaa nguo nyingine.

Michango iishe tarehe 20, kwa sababu nyama na samaki havinunuliwi kwa ahadi. Na atakayekuja na soseji za watoto aje pia na kikaango chake, mafuta yake na mkaa wake.