Ng'ombe wa Pune na ng'ombe wa Misungwi

Mama mwenye nyumba wangu hapa Pune, India, ambaye wapangaji wote tunamwita Aji, yaani bibi kwa Kimarathi, ana masharti mawili. Nyama isivuke geti lake. Na chapati ya kwanza ya asubuhi hailiwi na binadamu. Anaipaka samli, anaikunja na kipande cha sukari guru, anashuka ngazi taratibu kwa magoti yake mabovu na kumlisha ng'ombe anayepita mtaani kila siku. Akishamaliza, anamgusa nundu, kisha anajigusa paji la uso. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natazama dirishani nikicheka kimoyomoyo. Mtoto wa Misungwi, kule Usukumani, niliyelelewa kwa supu ya makongoro, mlitegemea nini?

Siku hizi sicheki, ingawa sijakubali yote.

Kwanza Wasukuma wenzangu tuache kujifanya. Baba yangu mkubwa ana ng'ombe zaidi ya 80 na jozi moja ya viatu vya matairi. Ada ya mtoto ikifika, anaona heri akope kuliko kupeleka hata dume moja mnadani. Kila ng'ombe anamjua kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo: huyu bibi yake aliingia na mahari ya shangazi fulani. Bibi yangu alikuwa akisiriba uwanja wa kupuria mtama kwa mavi ya ng'ombe. Nilipotembelea kijiji kimoja nje ya Pune nikakuta kina mama wanasiriba sakafu kwa viganja namna ileile, harufu ileile, nusura nitokwe na machozi. Kwa hiyo mtu wa nyumbani akiniuliza kama kweli Wahindu wanaabudu ng'ombe, namwambia hata sisi tunamwabudu, ila wa kwetu tunamla.

Nilidhani Aji angenisimulia habari za miungu: Krishna aliyekuwa mchunga ng'ombe, Nandi, yule fahali anayelala mlangoni pa mahekalu ya Shiva. Hakugusia. Aliniambia tu kwamba mama yangu alininyonyesha miaka miwili, ng'ombe ananinyonyesha mpaka leo, sasa nani anachinja mama? Sikuwa na jibu. Na ipo sikukuu iliyonigusa zaidi, Pola, inayoangukia Agosti au Septemba. Maksai wanaogeshwa, wanapakwa rangi kwenye pembe, wanavishwa njuga, wanalishwa chapati tamu zilizojazwa dengu, na siku hiyo hawafungwi jembe. Nikawafikiria maksai wa baba mkubwa wanaolima pamba tangu nizaliwe. Hawajawahi kupewa hata Jumapili.

Kule Dar tulizoea kusema "Wahindi hawali ng'ombe", kana kwamba India ni nyumba moja. Kerala nyama ya ng'ombe ni chakula cha kawaida, na majimbo kadhaa ya kaskazini-mashariki vilevile. Halafu kuna nyati wa kufugwa, yule mweusi, anayetoa sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hii. Yeye hana utakatifu wowote. Kipando cha Yama, mungu wa mauti, ndicho hicho, basi anachinjwa na nyama yake inasafirishwa nje kwa wingi mno. Maziwa anatoa, umama hapewi! Hilo nimemuuliza Aji mara mbili, na mara zote mbili amekumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Linaloniudhi ni uzee wa ng'ombe. Hapa Maharashtra, jimbo lenye Pune, kuchinja ng'ombe jike kumepigwa marufuku tangu sheria ya 1976, na mwaka 2015 wakaongezwa madume na maksai, kifungo hadi miaka 5. Sasa chukua mkulima mdogo mwenye ekari mbili. Trekta limechukua kazi ya maksai. Sisi tunasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Kwa mkulima huyu hilo dume ni msiba hasa. Buchani haliwezi kwenda, mnunuzi hakuna, majani ni ya kununua. Zipo goshala, makazi ya ng'ombe wazee yanayoishi kwa sadaka, lakini haziwatoshi wote. Basi usiku mmoja kamba inafunguliwa. Sensa ya mifugo ya 2019 ilihesabu ng'ombe wasio na mwenyewe karibu milioni 5. Ndio hao mnaowaona kwenye picha wamelala katikati ya barabara, nanyi mnasema "ona wanavyoheshimiwa". Wengi wao matumbo yamejaa mifuko ya plastiki ya jalalani. Baba mkubwa angemchinja mapema, kwa kisu kikali, na mtaa mzima ungekula. Mimi kwangu hiyo ndiyo heshima, na mnaweza kunipinga.

Kuna na damu. Mwaka 2015, karibu na Dadri kule Uttar Pradesh, umati ulimuua Mwislamu mmoja kwa uvumi kwamba alikuwa na nyama ya ng'ombe nyumbani. Kabla hatujaonyesha vidole, tukumbuke sungusungu wa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, upinde mkononi, na watuhumiwa waliokufa bila kumwona hakimu. Sitetei yeyote. Ila wa kwetu walimwinda mwizi wa ng'ombe wao. Hawa walinzi wa ng'ombe wa huku wanasimamisha lori barabarani na kumpiga mtu aliyenunua ng'ombe kwa pesa yake.

Mwaka jana Aji aliniuliza kwetu tunaishije. Nikamtajia zizi la baba mkubwa. Themanini! Akamwita jirani aje asikie, nikaonekana mtoto wa ukoo mtukufu. Halafu akauliza, kwa upole kabisa: na wakizeeka, mnawapeleka wapi?

Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Tunakaa nao tu nyumbani, Aji."

Kesho yake alinigongea mlango na chapati mkononi, ina samli na sukari guru. Alisema magoti yanamsumbua, na mtu wa kwetu ng'ombe hawezi kumkataa. Tangu hapo ndiyo kazi yangu kila asubuhi kabla sijaenda ofisini.