“Usiseme Unyenyekevu Umekwisha, Mimi Nipo”

Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema kwamba alipofariki Rabi Yehuda HaNasi, aliyeikusanya, unyenyekevu ulikoma. Karne moja hivi baadaye, huko Babeli, mtu mmoja alikuwa akiyakariri maneno hayo mbele ya Rav Yosef. Mzee akamkatiza: usiutaje unyenyekevu, maana mimi nipo.

Watu wengi hucheka wakiisoma habari hii katika Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, nami nilicheka. Lakini angalieni ni nani aliyesema. Rav Yosef alistahili kuongoza chuo cha Pumbedita, akampisha msomi mwenzake Rabba, na Rabba akaongoza miaka 22. Miaka yote hiyo Rav Yosef hakumwita hata mtu wa kuumika aje nyumbani kwake, asije akaonekana anajifanya mkubwa. Talmudi haifichi pia kwamba wanajimu walikuwa wamemwambia uongozi wake ungedumu miaka miwili tu, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kuuchukua. Mimi kwa hilo nampenda zaidi. Alijua alichofanya, alijua na sababu zake, akasema wazi.

Musa naye ni hivyo hivyo. Kitabu cha Hesabu kinasema alikuwa mnyenyekevu kuliko wanadamu wote, na mapokeo ya Kiyahudi yanasema aliyeuandika mstari huo ni Musa mwenyewe. Kwetu sisi tuliozoea “mimi mdogo wenu, sistahili kusimama hapa” (na anayesema hivyo hashuki jukwaani nusu saa nzima), jambo hili linatatanisha. Ila ndiyo hoja yangu: marabi wanaonivutia hawakuwa na shida na mtu kujua kimo chake. Shida ilikuwa pale kimo cha mwenzake kinapomkosesha usingizi.

Mfano wao mkali ni Yeroboamu, mfalme aliyeigawa Israeli na kujitenga na nyumba ya Daudi. Katika Talmudi, Mungu anamshika nguo na kumwambia: tubu, na mimi na wewe na mwana wa Yese (yaani Daudi) tutatembea pamoja katika bustani ya Edeni. Yeroboamu anauliza swali moja tu: nani atatangulia? Anajibiwa: mwana wa Yese. Basi, anasema, sitaki. Sijapata kusoma picha kali kuliko hiyo ya tamaa ya kuheshimiwa. Mtu amepewa kutembea na Mungu, anahesabu nafasi kwenye mstari.

Hata hivyo marabi hao hao hawakuamini kwamba tamaa hiyo inaweza kung'olewa kabisa. Midrashi ya Ruthu, maelezo ya kale ya marabi juu ya kitabu hicho, inasema kama Reubeni angalijua kwamba Torati itaandika jinsi alivyojaribu kumwokoa Yusufu, angalimbeba mabegani mpaka kwa baba yake. Na Boazi, aliyempa Ruthu bisi kidogo, angalimlisha ndama walionona. Hapo hakuna anayekaripiwa. Wanakiri tu kwamba binadamu akijua anaandikwa, hutenda vizuri zaidi.

Katika karne ya 13 suala hili lilifika kwa Shlomo ben Aderet wa Barcelona, maarufu kama Rashba. Mtu alijenga sinagogi, akataka jina lake liandikwe mlangoni, wenzake wakapinga. Rashba akamwunga mkono mjenzi, akisema ndiyo desturi ya Torati yenyewe kumtangaza atendaye mema. Karne ya 16, Moshe Isserles wa Kraków akaweka mambo mawili pamoja katika sheria: ajisifuye kwa sadaka hupoteza thawabu na huadhibiwa, lakini anayetoa kitu kwa ajili ya jamii aweza kuandika jina lake juu yake, na inafaa afanye hivyo. Ndiyo maana ukiingia sinagogi nyingi utakuta majina ukutani, kwenye viti, kwenye vitabu vya sala.

Najua wasomaji wangu watasema hiyo ni riya tupu. Tunazijua harambee zetu, kipaza sauti kikitaja kila jina na kiasi chake, na mwenye mia mbili akijikunyata nyuma. Nakubali, na hapo ndipo nadhani kipimo cha Kiyahudi kinatusaidia, kwa sababu hakianzi na jina la mtoaji. Kinaanza na uso wa mpokeaji. Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12, alipanga sadaka katika ngazi nane, na wengi hudhani ya juu kabisa ni ile ya siri, ambapo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni kumkopesha mtu, kushirikiana naye biashara au kumtafutia kazi, asije akahitaji kuomba. Hapo mnajuana vizuri tu.

Kisa cha Mar Ukva, msomi anayetajwa katika Talmudi, kinakwenda mbali zaidi. Kila siku alikuwa akimwachia jirani maskini sarafu nne mlangoni, kimya kimya. Siku moja maskini akatoka amwone ni nani. Mar Ukva na mkewe wakakimbia, wakajificha ndani ya tanuri lililotoka kuzolewa makaa, bado la moto, ili jirani asiaibike. Miguu ya mume ikaanza kuungua. Ya mke haikuungua. Mke akamwambia aweke miguu yake juu ya yake. Mume akavunjika moyo. Mkewe akamweleza: mimi nashinda nyumbani, na wanachopata kwangu kiko tayari kuliwa. Yaani yule aliyetoa kwa siri aliungua, na yule aliyefungua mlango akagawa chakula huku anaonekana, akabaki salama. (Jina la mke huyo Talmudi haikulitaja. Rashba angesemaje?)

Kwa hiyo siwaamini sana wanaofanya kujidhalilisha kuwa ibada. Chuo cha Torati cha Novardok, katika Belarusi ya sasa, chini ya Yosef Yozel Horowitz, kilikuwa kikiwatuma wanafunzi duka la dawa wakaulizie misumari, wachekwe, wazoee kudharauliwa. Wayahudi wenyewe wana utani kuhusu mwanafunzi mgeni wa huko aliyelia “mimi si kitu!”, na wakongwe wakanong'ona: mtazame, amefika jana tu na tayari anajiona si kitu.

Talmudi ina mjadala kama msomi wa Torati anaruhusiwa kiburi chochote. Msomi aliyejulikana kwa jina la Rav tu alisema awe na moja ya nane ya moja ya nane. Rav Nachman bar Yitzchak akapinga: hata chembe, asiwe nacho. Mimi niko na Rav. Rashi, mfafanuzi maarufu wa Talmudi, anaeleza kwamba kile kidogo kinamkinga msomi asipandwe kichwani na wajinga, na yeyote aliyewahi kuona mwalimu mpole akinyamazishwa na tajiri wa kamati anajua kwa nini moja ya 64 inahitajika.