Magoti ni ya sala, si ya adhabu

Katika baadhi ya shule zetu za Kikristo hapa Tanzania, mwanafunzi akichelewa hupigishwa magoti kwenye kokoto, juani, mikono juu. Jioni anaingia kanisani na kuambiwa apige magoti amwabudu Mungu. Tunategemea ayatofautishe vipi?

Kinachonikera zaidi ni adhabu ya kunakili Zaburi ya 119, mistari yote 176. Mwalimu anajisifu kwamba hakushika fimbo, kumbe amemfundisha mtoto kulikimbia Neno.

Ukigusa suala la viboko utajibiwa kwa Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Sawa, mstari upo. Na Waefeso 6:4 nayo ipo, inayowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Halafu kuna sheria ya nchi: kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Viboko vya mwalimu wa zamu getini asubuhi vinaingia wapi hapo? Tunahubiri utii huku sisi wenyewe hatutii. Wenzetu Kenya walishapiga marufuku viboko shuleni tangu 2001.

Sisemi watoto waachiwe wafanye watakavyo. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, hakuchapwa, lakini aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoitaka. Aliyeiba sabuni ya mwenzake bwenini airudishe na aombe radhi. Aliyemtukana mwenzake darasani amwombe msamaha mbele ya walewale waliosikia. Kwa mtoto hilo ni gumu kuliko viboko vinne, waulize wenyewe.

Najua walimu watasema hawana muda, na kweli hawana. Fimbo humaliza kesi kwa dakika moja, mazungumzo hula mapumziko yote ya chai. Ndiyo maana namheshimu Mtakatifu Yohane Bosco, padre wa Italia aliyelea vijana, aliyeandika mwaka 1877 kuhusu malezi ya kuzuia: mlezi akae na vijana, hata uwanjani, kabla kosa halijatokea. Mwalimu anayecheza nao mpira anajua mapema nani ameacha kula na nani anaonewa bwenini.

Kikwazo kingine ni sisi wazazi. Mtu analipa ada, anamshusha mwanawe na tranka, kisha anamwambia mkuu wa shule, "Mchapeni tu, nimewaachia." Mzazi wa namna hiyo aitwe kikaoni siku hiyohiyo, kabla mtoto hajafanya kosa lolote.