Mizani ya Maziwa Inatosha Kuanzishia Kampuni

Vijana wengi wa teknolojia Tanzania na Kenya hukimbilia programu za mikopo na za kuagiza chakula, ambako tayari wamebanana. Mimi ningewapeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa saa 12 na nusu asubuhi, wasimame kando ya meza ya mapokezi na kuangalia daftari la karani. Pesa inavujia hapo, na vifaa vya kuziba huo mwanya vipo madukani miaka mingi.

Tatizo la kwanza ni kipimo. Wanaotumia jagi la lita hukadiria povu kwa jicho. Wanaotumia mizani, baadhi yao huandika kilo kana kwamba ni lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo kilo 100 ni lita 97 tu. Kituo kinachopokea kilo 500 kwa siku na kuziandika kuwa lita 500 kinalipia karibu lita 15 ambazo hazipo. Mfugaji naye anaumia kwa njia nyingine: kaleta lita 4.3, karani kaandika 4. Kwa mwezi amepoteza lita 9, na hizo ni ada na daftari za mtoto.

Kinachohitajika ni mizani ya kidijitali yenye tundu la kutolea data, waya wa kuiunganisha na simu ya bei nafuu, na printa ndogo ya risiti. Ndoo ya kupimia iwe ya kituo, na mizani isomeke sifuri ikiwa juu yake. Programu isome uzito yenyewe, igawanye kwa 1.03, iuweke kwenye namba ya mwanachama na kuutunza ndani ya simu hadi mtandao urudi, kisha mfugaji apate ujumbe mfupi. Asilazimishwe kuwa na simu janja. Na risiti ya karatasi msiiache, maana mara nyingi anayeleta maziwa ni mtoto anayewahi shule.

Miradi hii hufia kwenye kasi. Ukiongeza sekunde 30 kwa kila mtu, foleni ya watu 80 inarefuka kwa dakika 40, na maziwa ya wa mwisho yanazidi kuharibika kwenye joto. Karani atarudia daftari lake, na atakuwa na haki kabisa. Jaribuni programu yenu kwenye foleni halisi kabla ya kumwonyesha mtu yeyote mwenye mtaji.

Adui mwingine ni maji. Meza ya maziwa huoshwa kila siku, na mizani ya bei rahisi huingia unyevu, kisha huanza kudanganya polepole bila mtu kugundua. Nunueni ya chuma kisichoshika kutu, iliyozibwa vizuri, na kila asubuhi ipimwe kwa jiwe la kilo 10. Kwa Tanzania, mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo.

Uzito peke yake unamkaribisha mwenye kuongeza maji. Kwa hiyo laktomita, kifaa kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha kama yameongezwa maji (kwa nyuzi 20, maziwa mazuri ya ng'ombe husoma kati ya 26 na 32) na kipimo cha spiriti, cha kujua kama maziwa yameanza kuchacha, viingizwe kwenye rekodi ileile. Maziwa yakiwa ya moto laktomita husoma chini, hivyo pimeni joto kabla ya kumtuhumu mtu.

Wa kulipia huduma ni ushirika, si mfugaji. Tuseme shilingi 5 za Tanzania kwa lita: kituo cha lita 2,000 kwa siku kinawapa 300,000 kwa mwezi. Mwonyesheni meneja zile lita 15 kwanza, habari za kompyuta zije baadaye. Halafu kaeni na mhasibu mjifunze makato, kuanzia pumba na dawa hadi uhimilishaji (kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya chupa) uliochukuliwa kwa mkopo. Programu isiyojua makato, mwisho wa mwezi mhasibu ataiweka kando na kufungua daftari.