Miwani ya Bingwa

Doyle Brunson, bingwa wa poka, hana kosa. Natanguliza hilo kwa sababu siku hizi jina la yule marehemu likitajwa nyumbani, watu huanza kucheka huku wakinitazama mimi.

Nilikuwa nimemsoma kwa wiki mbili. Mzee wa Texas, mzaliwa wa 1933, kijana aliyetarajiwa kufika mbali kwenye mpira wa kikapu mpaka mguu ukavunjika, akaishia kwenye karata na kubeba bangili 10 za mashindano ya dunia ya poka. Lakini kilichonilevya hasa ni ubingwa mkuu wa 1976 na ule wa 1977. Mara zote mbili alimaliza akiwa na karata zilezile mkononi: 10 na 2. Sasa, kwenye poka 10 na 2 ni takataka. Ukigawiwa unazitupa, unaendelea na maisha yako. Mwaka 1976 mpinzani wake alikuwa na ree na jeki, na mezani, kwenye karata ambazo kila mchezaji huziunganisha na zake, zikalala ree, jeki na 10. Mimi ningekuwa nishaanza kutafuta viatu. Ikafuata 2, halafu karata ya mwisho kabisa ikawa 10. Tatu za 10 na mbili za 2 zikazishinda ree mbili na jeki mbili za mwenzake, dola 220,000 hizo. Mwaka uliofuata akarudia yaleyale kwa dola 340,000.

Na mtindo wake! Brunson alikuwa mtu wa kushambulia. Hakupenda kufuata dau la mwenzake, alipenda kulipandisha. Hesabu yake ni nzuri: ukipandisha una njia mbili za kushinda, ama mwenzako akimbie, ama karata zako ziwe bora. Ukifuata tu, umebaki na hiyo ya pili. Niliisoma hesabu hiyo nikaona nimepoteza miaka mingi ya maisha yangu nikifuatafuata watu.

Basi Jumamosi tukaketi wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu na jirani. Kila mtu njiti 100 za kiberiti, na atakayeishiwa kwanza aoshe vyombo wiki nzima. Brunson alikuwa akivaa kofia kubwa ya wachunga ng'ombe. Kofia sikuwa nayo. Nilikuwa na miwani ya jua, ile ya vioo vinavyong'aa, na nilishaona mabingwa wengine wakiivaa ili wapinzani wasiyasome macho yao. Nikaivaa. Saa tatu usiku, ndani ya nyumba.

"Shemeji, macho yanakuuma?" akaniuliza.

"Cheza," nikamjibu, kwa sauti nzito kidogo.

Nikaanza kushambulia. Nikiwa na takataka napandisha, napiga mkwara, nanyamaza kama gogo. Wote wanafuata. Nikiokota ree mbili napandisha taratibu, kwa unyenyekevu. Wote wanatupa karata, hata jirani, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kutupa kitu. Mke wangu alinipiga mkwara mara tatu, nikakimbia mara zote tatu, na kila mara akanionyesha karata zake huku akinipapasa mkono kwa huruma.

Jambo moja lilinipa moyo: shemeji alikuwa haniondolei macho. Kila nikiinua karata zangu kuzitazama, ananikazia macho usoni. Nikajiambia, huyu anahangaika kunisoma, na hasomi kitu.

Zikanibaki njiti 31. Nikagawiwa karata, nikaziinua mpaka puani kwa sababu miwani ilikuwa na giza. 10 na 2. Shupaza zote mbili! Moyo ukaruka, uso ukabaki gogo. Nikazisukuma njiti zote katikati ya meza.

Hapo ndipo mpwa wangu wa miaka minane alipoingia kuomba maji ya kunywa. Akasimama ng'ambo ya meza, akanitazama, akasoma polepole kama yuko darasani:

"Mjomba ana kumi... na mbili."

Jirani aliinama chini ya meza. Nilidhani ameangusha kitu.

Walikuwa wanajua tangu mchezo wa pili. Vioo viwili usoni, na mimi nainua karata mbele yavyo kama mtu anayenyoa ndevu. Baadaye nilikwenda kutazama upya video za mabingwa, na kweli, hawainui karata. Huziacha zimelala mezani, wanazifunika kwa viganja, wanakunja ncha kidogo tu, wanachungulia. Wiki mbili nilisoma dau, hesabu na historia, nisitazame mikono.

Shemeji alinifuata dau kwa kingi mbili. Nilingoja ile 10 ya mwisho. Ikaja 7.

Jumapili nikiwa kwenye karo, nimevua miwani, shemeji akaja na sufuria nyingine. Akaniomba niivae tena, eti aone kama sufuria imetakata kwa ndani bila kuinama.